Doa kwenye boksi

Jumatatu
Taa nyekundu ya breki imewaka kwenye kona kabla ya Soni, ikazimika barabara iliponyooka. Shemeji, aliyekaa mbele, kasema ni swichi ya handibreki tu. Tumefika nyumbani, nikafungua boneti: mafuta ya breki yamekaribia alama ya MIN. Ndiyo maana taa iliwaka konani peke yake. Yakipungua huegemea upande mmoja, na boya lililomo ndani ya kikopo likashuka. Shemeji anataka nijazie, maisha yaendelee. Sikujazia. Mafuta ya breki hayaishi kwa kutumika kama petroli. Yakishuka, ama pedi zimelika na pistoni zimesogea, ama yanavuja. Pedi zangu bado nene.

Jumanne
Usiku nilitandika maboksi chini ya gari. Asubuhi mbuzi wa jirani alikuwa ameshatafuna la mbele. Kwa bahati lilikuwa kavu, lakini nimemwambia jirani amwangalie mnyama wake kutwa nzima, kwa sababu mafuta haya ni sumu. Boksi la nyuma kushoto lina doa la ukubwa wa kisoda. Si jeusi kama oili, si jekundu kama hidroliki, na maji hayatelezi hivyo vidoleni. Ubavu wa ndani wa tairi umelowa, vumbi limegeuka tope. Gari halitoki hapa. Nimekwenda shuleni kwa miguu, mvua ikanikuta njiani na madaftari ya Kidato cha Pili.

Jumatano
Fundi wa kule stendi amekuja, akachungulia, akasimama. “Mwalimu, hapo nakuzibia paipu dakika kumi tu. Magurudumu matatu yanayobaki yanakutosha.” Maana yake aikunje paipu ya chuma inayokwenda gurudumu hilo na kuigonga nyundo. Nimekataa, na sikukataa kwa upole. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita 33 hivi za kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Gurudumu moja la nyuma likishika na la pili lisishike, utelezi wa mvua unatosha kulizungusha gari. Tena paipu iliyozibwa haimwambii kitu dereva atakayelinunua gari baadaye. Atapakia watoto wake, ashuke nao. Fundi kaondoka amekasirika, na spana yangu namba 10 kaondoka nayo.

Alhamisi
Fundi mwingine, mzee mtaratibu. Drumu la kushoto lilikuwa limeng'ang'ania kwa kutu. Hakulipiga nyundo. Alitafuta yale matundu mawili yenye nyuzi usoni pa drumu, akaingiza bolti na kuzikaza kwa zamu, robo mzunguko huku, robo kule. Lilipoachia liliachia ghafla, likabingirika hadi kwenye kabichi za jirani. Kabichi nimelipa.

Ndani akainua kwa bisibisi ule mfuniko wa raba pembeni mwa wili silinda. Mafuta yakachuruzika. Alipoifungua na kuipangusa, niliona kwa kurunzi vishimo vya kutu ndani ya silinda, vidogo, vimekaa pale pale raba inapopita. Kila ukikanyaga, ukingo wa raba unachanika kidogo. “Maji hayo, Mwalimu,” kasema.

Ni kweli. Mafuta haya ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka, na huku Usambara ukungu hatuununui. Unyevu huleta kutu, na hufanya jambo baya zaidi: DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya maji kipimo hicho hushuka hadi 155. Kwenye mteremko mrefu breki zinapata moto, mafuta yanachemka, mvuke unajaa ndani ya paipu. Mvuke unabonyea, mafuta hayabonyei. Pedeli inazama hadi sakafuni na gari linaendelea.

Breki shuu zimelowa. Kijana mmoja anasema tuzioshe kwa petroli, zitarudi. Hazirudi, zimeshanywa. Zitabadilishwa pande zote mbili, na wili silinda zote mbili.

Ijumaa
Vipuri vimetoka Korogwe kwa basi. Kondakta amesahau kukishusha kifurushi, kikafika Mlalo. Kimerudi jioni. Dukani nimeomba mafuta ya breki, nikapewa kopo la hidroliki, umbo lile lile. Nimelirudisha. Hidroliki ile ingevimbisha kila raba, kuanzia masta silinda hadi magurudumuni. Tafadhali, kopo lisomwe kabla ya kulipia.

Jumamosi
Tumefunga kila kitu, tukaanza kutoa upepo, gurudumu la mbali kwanza. Fundi kaweka kipande cha ubao chini ya pedeli ili isizame mpaka mwisho. Kwenye gari la zamani raba za masta zikifika sehemu zisizozizoea hukwaruzika. Mama watoto yuko kwenye usukani. “Kanyaga. Shikilia.” Nipo ya kutolea upepo inafunguliwa, povu linatoka mrijani. Simu ikalia, mguu ukaachia kabla nipo haijafungwa, hewa ikarudi ndani. Tumeanza upya. Kisha mtoto kagonga kopo, mafuta yakamwagikia bawa la mbele. Nilimimina maji papo hapo, lakini rangi imeshavimba sehemu ya ukubwa wa kiganja.

Injini ikinguruma, nimekanyaga kwa nguvu na kushikilia. Pedeli imesimama juu, haishuki.

Jumapili
Nimezunguka kwanza uwanjani kwa mwendo mdogo, kisha nimeshuka Mombo kwa gia ya pili. Pedeli ngumu njia nzima. Nilisimama Soni nikasogeza kiganja karibu na madrumu ya nyuma: joto ni sawa kulia na kushoto. Mafuta kwenye kikopo hayajasogea, na boksi la usiku ni kavu. Shemeji anaomba gari Jumanne apeleke viazi. Nitampa, ila kwanza afungue boneti mwenyewe, anionyeshe MIN iko wapi na mafuta yamefika wapi.