Kikokotoo chenye kivinjari tumboni

Mwaka 1995 Sun Microsystems walitoa lugha ya programu ya Java na ahadi tamu: andika programu mara moja, iendeshe popote. Wenye kuitumia wakaitania: andika mara moja, saka hitilafu popote. Mwaka 2013 GitHub wakaanzisha Electron, zana ya kuundia programu za kompyuta, iliyomaliza tabu hiyo kitajiri: kila programu ibebe kivinjari chake kizima. Sasa kikokotoo cha kujumlishia bei ya nyanya kinapita megabaiti mia. Fungua programu tatu za namna hiyo, umewasha vivinjari vitatu. Kumbe lugha ya Tcl/Tk, kongwe kuliko Java, huweka kitufe dirishani kwa mistari miwili, iwe Windows, Mac au Linux. Lakini nani ataitaja akiomba kazi? Basi, ndugu, kompyuta ikilemewa usiitukane. Ongeza RAM, maana waandishi wa programu hawana mpango wa kupunguza kitu.