Friji Inayouma Ijumaa

Friji ya nyumba moja ya Mingoyo ilikuwa inauma Ijumaa tu. Jumamosi mpaka Alhamisi ilikuwa friji kama friji nyingine: inanguruma, inagandisha barafu za kuuza, inaziba mlango wa stoo. Ikifika Ijumaa saa sita mchana, bibi mwenye nyumba akigusa mlango wake anarudi nyuma hatua mbili na istighfari tatu.

Wajukuu waliishika mmoja mmoja, isiwafanye kitu. Basi ikaamuliwa ni jini, tena jini lenye kuchagua wazee.

Nyumba yenyewe ni ya siku nyingi, ya boriti za mikoko na udongo, iliyokuja kupigwa lipu na kuezekwa bati. Wairingi yake ilikuwa waya mbili mbili zilizopigiliwa juu ya vipande vya mbao, na chumvi ya ghuba ya Lindi ilishazila mpaka swichi zinatoa cheche. Fundi akaletwa, akang'oa vyote, akapitisha paipu nyeupe na kuweka soketi za matundu matatu kila chumba. Majirani wakaja kutazama swichi kama wanaotazama bibi harusi.

Mwezi haujaisha, friji ikaanza.

Fundi wa pili alipatikana njia panda, pale mabasi ya Masasi na Mtwara yanapoachana. Alikuwa na leseni ya EWURA mfukoni na tesita sikioni kama kalamu ya karani. Habari za jini hakuziuliza.

"Shikamoo bibi. Ijumaa saa sita kuna nini humu ndani?"

"Marahaba mwanangu. Hamna kitu. Mjomba wao tu, anapiga pasi kanzu."

"Nileteeni hiyo pasi."

Waya wa ethi, ule wa kijani na njano, kazi yake ni kuuchukua umeme uliovuja na kuupeleka ardhini. Fundi wa kwanza aliuunganisha kwenye soketi zote. Ardhini ndiko alikosahau. Nje, chini ya mita, ulikuwa umeviringwa vizuri na kutundikwa kwenye msumari wa dirisha. Pasi ya mjomba ilikuwa inavuja tangu enzi za waya mbili, ila mpini wake ni wa plastiki na umeme uliishia palepale kwenye chuma. Sasa ulipata barabara: ukatoka chumbani, ukafuata ethi mpaka kwenye bodi ya friji, ukakaa hapo kumngoja mtu wa kuufikisha chini. Wajukuu huvaa kandambili. Bibi hupika peku, juu ya saruji iliyolowa.

"Mbona breka haikukata?" mjomba akahoji.

Breka ile ni ya ampea 20, inalinda waya zisiungue. Mtu huanza kuwa hatarini umeme wa ampea 0.03 tu ukimpitia kifuani, na breka kiasi hicho haikisikii. Ipo swichi inayokisikia na kukata mara moja. Fundi wa kwanza alikuwa amesema hiyo ni ya mahotelini.

Ikafungwa. Nondo ya ethi nayo ikapigiliwa nyuma ya bafu, ambako ardhi haikauki.

Ijumaa iliyofuata mjomba akachomeka pasi yake ileile. Ta! Feni ikasimama, redio ikanyamaza, friji ikaacha kunguruma. Akaenda msikitini na mikunjo mgongoni. Jikoni bibi, peku vilevile, alishaufungua mlango wa friji kwa mikono miwili, anamtafutia fundi maji ya baridi.