Hotuba ya Bingwa wa Ndege za Rimoti, Kiyeyi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kijiji (LC1), wazee, akina mama, nanyi vijana mliopanda mwembe ili mnione vizuri: kimya! Mbele yenu kasimama mtaalamu pekee, kuanzia Tororo hadi Busia, wa mashindano ya sarakasi za ndege ndogo za rimoti za mtindo wa kale. Cheo hiki nilijitunuku baada ya mpinzani kukosekana.

Mnauliza kwa nini watu wazima Marekani na Uingereza bado wanarusha ndege zilizochorwa miaka ya 60. Mwaka 1960, kwenye mashindano ya kwanza ya dunia kule Uswisi, Mmarekani Ed Kazmirski alishinda kwa ndege yake, Orion. Rimoti za enzi hizo hazikujua polepole: ukibonyeza, usukani unakwenda wote, ukiachia, unarudi wote. Kwa vibonyezo hivyo mtu alichora duara angani! Siku hizi ndege nyingi za dukani zina kifaa tumboni kinachozisawazisha, na rubani amekuwa abiria aliyeachwa chini. Wapenzi wa kale wakasusa. Nami nikasusa pamoja nao, ingawa hawajanialika.

Tena, injini za ndege hizo za kale zilikunywa methanoli iliyochanganywa na mafuta ya mbarika. Mbarika, waheshimiwa! Mmea wenye asili ya Afrika Mashariki, unaojiotea nyuma ya vyoo vyenu. Basi mchezo ni wetu. Wazungu wameazima tu.

Vikwazo ni vidogo. Hewa ya huku juu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takribani asilimia 10, hivyo injini itakohoa kidogo. Na tukishindana Busia, ndege ikaanza duara Uganda ikalimalizia Kenya, watu wa forodha watataka stakabadhi.

Lakini utamu wenyewe uko kwa majaji. Kila sarakasi huanza na alama 10. Jaji anapunguza kila aonapo kasoro, kisha alama huzidishwa kulingana na ugumu. Yaani mtu asiyeshika rimoti anaketi kivulini akimkosoa aliyeishika. Mtasema hata kwenye mpira tunakosoa. Kweli, ila huko hakuna anayeandika mnayosema.

Kwa hiyo naomba: mwenye ndege alete ndege, mwenye shamba lililovunwa atoe uwanja, mwenye mbarika asiikate. Kiti cha jaji mkuu msihangaike nacho, nimekuja nacho.