Kompyuta Haizimiki Hovyo: Mwongozo kwa Wakazi wa Kahama, Geita na Jirani Zao

Umeunga kompyuta yako ya mezani. Kesi ina kioo ubavuni, feni zinawaka rangi zote, na mama mwenye nyumba ameshauliza mara kadhaa kama kitu hicho kitamaliza yuniti za Luku. Vipuri vimetoka Kariakoo, vimelala kwenye buti la basi karibu kilomita 1,000 hadi Shinyanga, na sasa vimekaa mezani vikinguruma. Siku ya tatu, ukiwa katikati ya kuhariri video ya harusi, skrini inakuwa nyeusi. Unaiwasha, inakubali. Baada ya saa moja inarudia. Kesho yake inashinda nzima mpaka jioni, ila inazima mteja anapoingia.

Hapo wataalamu watakuja. Wa kwanza atasema ni virusi, ingawa mashine haijawahi kuonja intaneti. Wa pili atasema piga Windows upya. Huyu hupiga Windows upya hata kwa kibodi iliyomwagikiwa chai. Wa tatu atazunguka meza kimya kimya, kisha atauliza ni nani aliyeiona kabla haijawashwa. Wakaribishe wote, wape viti, wape maji. Usiwape bisibisi.

Hakuna kompyuta inayozimika bila sababu; kuna sababu ambayo haijapimwa. Ukanda huu unalijua jambo hilo tangu zamani. Mgodi mkubwa wa Geita, ulioanza uzalishaji mwaka 2000, na wa Bulyanhulu, ulioanza mwaka 2001, hupeleka sampuli maabara kabla ya kufuata mwamba. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Rwamagasa hana maabara, lakini naye hutwanga jiwe, huliosha kwenye karai na kutazama kilichobaki chini. Hachanganyi mawe ya maduara matatu kwenye karai moja, maana ataona dhahabu asijue imetoka wapi. Fanya hivyo hivyo na kompyuta: badilisha kitu kimoja, pima, andika. Anayebadilisha ramu, draiva na waya wa umeme jioni moja anaweza kupona, lakini hatajua dawa ilikuwa ipi, na ugonjwa ukirudi ataanza upya.

Hatua ya 1: Nunua daftari kabla ya kununua kipuri

Andika saa iliyozimika, ulichokuwa unafanya, na namna ilivyozimika. Namna ni muhimu. Ikiwa giza limeingia mara moja na feni zimenyamaza, shuku umeme, pawa saplai au joto. Ikiwa imetokea skrini ya bluu yenye maandishi, piga picha kwa simu kabla haijapotea. Shuku ramu, draiva au prosesa. Ikiwa picha imeganda na sauti inakwaruza, ongeza kadi ya picha na diski kwenye orodha. Ikiwa ni programu moja tu inayojifunga na nyingine ziko salama, anza na programu hiyo, lakini usiisahau ramu.

Kisha fungua kumbukumbu za matukio ndani ya Windows. Utakuta tukio namba 41, lenye jina Kernel-Power, na mtaalamu wa pili atapiga makofi: "Si nilisema? Pawa saplai!" Mzuie kwa upole. Namba 41 husema tu kwamba mashine ilizimika bila kuaga. Haimtaji aliyeizima. Soma kilichoandikwa dakika chache kabla yake.

Hatua ya 2: Chunguza mtaa kabla ya kuchunguza mashine

Hapa ndipo miongozo iliyoandikwa mbali na kwetu inapotupungukia, kwa sababu mwandishi wake hana jirani mwenye karasha. Umeme wetu ni volti 230, hertzi 50, na kwenye karatasi ni mzuri. Lakini mota kubwa inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara tano hadi saba ya ule inaoutumia ikishatulia. Geita mota hiyo iko kwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu. Kahama iko kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Kokote kwingine yuko fundi wa kuchomelea mageti, naye mashine yake huvuta kila anapogusa chuma. Volti za mtaa zinashuka kwa muda mfupi, taa inafifia kidogo, wewe unaendelea na mazungumzo. Kompyuta imeshakata roho.

Sababu yake inapimika. Mzunguko mmoja wa umeme wa hertzi 50 huchukua milisekunde 20. Viwango vya pawa saplai za ATX vinataka iweze kushikilia mzigo wake kwa milisekunde 16 hivi umeme unapokatika. Kufumba jicho ni safari ndefu kuliko hapo. Ndiyo maana feni ya dari inaendelea kuzunguka huku kompyuta ikijiwasha upya, na ndiyo maana daftari linahitaji safu ya ziada: karasha lilikuwa likifanya nini? Ikiwa mashine huzimika saa mbili asubuhi na saa nane mchana, na karasha huwashwa saa hizo hizo, huhitaji mganga wala Windows mpya.

Mwite fundi umeme apime volti kwenye soketi mchana, wakati wa kazi, siyo usiku mtaa ukiwa umelala. Kisha nunua yupiesi (UPS), kifaa chenye betri ya akiba, inayoubeba mzigo wako. Iliyoandikwa 650 VA mara nyingi hubeba wati zisizofika 400; ukiitwika kompyuta yenye kadi kubwa ya picha, italia na kuzima pamoja nayo. Stabilaiza nayo ni msaada pale umeme unapokuwa mdogo kutwa nzima, lakini haina betri, kwa hiyo umeme ukikatika hukatika na wewe.

Usiisahau ekstensheni. Ile nyembamba inayobeba kompyuta, pasi, friji na chaja za wapangaji wote inapoteza volti njiani na kupata moto. Ipe kompyuta soketi yake ya ukutani. Ukigusa kesi ukasikia mkono unawashwa, waya wa ethi haupo au umekatika, na hilo ni hatari kwa mtu kabla ya kuwa hatari kwa mashine. Lirekebishe leo. Mawingu ya radi yakijikusanya upande wa ziwa, chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.

Hatua ya 3: Kumbuka safari ya basi

Kama kompyuta iliungwa Dar es Salaam ikasafirishwa nzima, imepita matuta mengi kuliko tairi la akiba. Zima, chomoa, bonyeza kitufe cha kuwashia umalize umeme uliobaki, gusa chuma ujiondolee umemetuli, ndipo ufungue. Chomoa ramu na kadi ya picha uzirudishe mpaka usikie mlio wa kufunga. Hakikisha waya mpana wa pini 24 na ule wa pini 8 wa prosesa zimeingia mpaka mwisho. Tazama chini ya kipoza prosesa: nailoni ya kiwandani iliyoandikwa "ondoa kabla ya kutumia" imekaa salama chini ya vipoza vingi sana. Angalia pia kama kuna nguzo ya skrubu iliyobaki chini ya mazabodi mahali pasipo na tundu; nguzo hiyo huweza kugusa njia za umeme kwa nyuma na kuzima mashine kwa wakati wake.

Miguu ya ramu ni ya rangi ya njano kwa sababu imepakwa dhahabu, tabaka lisilofika mikromita moja. Imewekwa hapo kwa sababu dhahabu haishiki kutu. Kwa hiyo mtu wa Geita akikushauri uisugue kwa raba ya penseli mpaka ing'ae, mwambie dhahabu hukwanguliwa mwambani, siyo kwenye ramu. Tumia kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti safi ya dukani, kisha iache ikauke.

Hatua ya 4: Ipe ramu usiku wake

Ramu mbovu ni mwongo hodari. Leo huangusha kivinjari, kesho huharibu faili la video, keshokutwa huleta skrini ya bluu inayomtaja mtu mwingine kabisa. Weka MemTest86 kwenye flashi, iwashe kompyuta kupitia flashi hiyo, uende kulala. Asubuhi unatafuta sifuri. Kosa moja likionekana, kuna ugonjwa. Usikubali kuambiwa "ni moja tu".

Likionekana, ingia kwenye bayosi (BIOS) uzime kasi ya ziada. Ramu ya DDR5 iliyonunuliwa kwa tangazo la 6000 hufikia kasi hiyo baada ya kuwasha mpangilio maalumu. Ukiuzima hurudi kwenye kasi ya msingi, mara nyingi 4800. Rudia kipimo. Makosa yakiisha, kuna uwezekano mkubwa kwamba kasi ndiyo iliyozidi, hasa ukiwa umeweka vipande vinne badala ya viwili. Yakibaki, pima kipande kimoja kimoja kwenye tundu lile lile, kisha kipande kizima kwenye matundu mengine. Kosa likifuata kipande, kipande ni kibovu. Likibaki na tundu, shuku mazabodi au prosesa ilivyokaa.

Hatua ya 5: Ondoa kitambaa cha kufuma

Kitambaa cha kufuma ni heshima ya sebule, na kinapendeza juu ya kochi. Juu ya kompyuta kinaziba tundu la hewa moto. Kabati lenye mlango nalo si mahali pa mashine, hata kama linaizuia isiibiwe. Tangu Juni hadi Oktoba Shinyanga ni kavu na vumbi ni jingi. Feni huvuta vumbi hilo, kichujio huziba, na mashine iliyokuwa nzima Mei huanza kuzima Agosti.

Weka programu ya kusoma joto, kwa mfano HWiNFO, utazame mashine ikiwa kazini. Prosesa nyingi za Intel zimewekewa kikomo cha nyuzi joto 100, na nyingi za Ryzen 7000 za AMD nyuzi 95. Zikikaribia hapo hupunguza kasi. Zikiendelea kupanda, mashine hujizima kujiokoa. Safisha kwa brashi laini huku umeshika mapanga ya feni yasizunguke, na rudia kila mwezi wakati wa kiangazi.

Hatua ya 6: Usimhukumu asiye na hatia

Kisa cha Intel ni funzo kubwa. Wenye prosesa za kizazi cha 13 na cha 14 walikuwa wakiona michezo ikijifunga, mingine ikitoa ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi ya picha imekwisha. Wengi waliilaumu kadi. Mwaka 2024 Intel ilieleza kwamba tatizo lilikuwa kwenye prosesa zenyewe: zilikuwa zinapewa volti kubwa kupita kiasi, na muda ulivyopita zikachakaa. Ilitoa masahihisho kupitia bayosi, maarufu kati yake ni lile la Agosti 2024 liitwalo 0x129, na ikaongeza dhamana kwa miaka miwili. Masahihisho hayo huzuia uharibifu. Prosesa iliyokwisha kuharibika hayaiponyi.

Kwa hiyo ukiwa na prosesa ya vizazi hivyo, sasisha bayosi mapema. Fanya hivyo ukiwa na yupiesi iliyojaa chaji, na karasha likiwa limelala. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, mazabodi inaweza isiamke tena.

Pawa saplai nayo ichunguze kwa kuazima nyingine inayojulikana kuwa nzima. Wati zilizoandikwa ubavuni kwa herufi kubwa si ushahidi. Soma jedwali dogo uone laini ya volti 12 inabeba ampea ngapi, kwa sababu prosesa na kadi ya picha hula hapo.

Hatua ya 7: Sasa mwite mtaalamu wa pili

Windows inakuja mwisho. Kabla ya kuifuta, washa kompyuta kwa Linux kutoka kwenye flashi uifanyishe kazi nzito kwa saa kadhaa. Ikizimika humo pia, Windows haina kosa, na kuipiga upya kutakupotezea jioni na mafaili. Ikitulia, sasisha draiva ya kadi ya picha, pima afya ya diski, hifadhi kazi zako mahali pengine, ndipo umruhusu mtaalamu aonyeshe ujuzi wake.

Hatua ya 8: Rudi dukani na ushahidi

Muuzaji atakuambia ilikuwa inafanya kazi ilipotoka kwake, na huenda ni kweli. Usigombane. Mwekee mezani risiti ya EFD, uliyoidai siku ya kununua, picha za skrini ya bluu, matokeo ya kipimo cha ramu, na daftari lenye tarehe. Malalamiko hujibiwa kwa malalamiko. Kipande cha ramu chenye makosa yaliyopigwa picha hujibiwa kwa kipande kingine.

Kijana mwenye studio Katoro au stesheneri Kahama hana bajeti ya kubahatisha. Kadi ya picha iliyonunuliwa kwa kumsikiliza jirani inaweza kula faida ya msimu mzima wa harusi, na kosa likabaki kwenye ekstensheni ya bei ya soda. Kupima kunachukua usiku mmoja au miwili. Kubahatisha kunaweza kuchukua mtaji wote, na wale waliokushauri hawatachangia hata shilingi.