Sifa za Sailensa Isiyotulia

Kasoro za gari zina madaraja, kama watu. Gasketi ikiungua, mwenye gari hupewa pole na mtaa mzima. Giaboksi ikigoma, ukoo unaweza hata kuitisha kikao cha michango. Lakini sailensa, ule mngurumo wa gari lililosimama bila mtu kukanyaga mafuta, ikianza kupanda na kushuka, mwenye gari huambulia kicheko tu. Abiria wa nyuma atauliza, "Hili linataka kuzima au linataka kuondoka?" Mapokeo yanasema Fumo Liyongo aliutungia uta wake utumbuizo. Sailensa mbovu haijapata hata kibwagizo.

Haki itendeke basi.

Kasoro hii ina adabu. Haimvizii dereva katikati ya mlima Kitonga akiwa na lori nyuma yake. Husubiri foleni, gari lisimame, watu wawe na nafasi ya kutazama, ndipo ijitokeze.

Ina usanii pia. Corolla nyingi za miaka ya 1990, za injini ya 4A-FE au 5A-FE, zikishapata moto zinatakiwa kutulia kwenye mizunguko kama 700 hadi 850 kwa dakika. Sasa hosi moja ya vakyumu ipasuke nyuma ya manifoldi, mahali pasipofika jicho. Hewa isiyoalikwa inaingia, sensa ya vakyumu inaihesabu kama mgeni halali, petroli inaongezwa, injini inajipigia resi yenyewe. Kontroli boksi, kompyuta ya injini, haina macho. Inachojua ni kwamba kilango cha hewa kimefungwa na mizunguko iko juu, kwa hiyo inaamini dereva anateremka mlima na ameachia mafuta. Kwa kubana matumizi, inakata petroli. Mizunguko inaporomoka, boksi inashtuka, inairudisha petroli, mizunguko inapanda, boksi inakata tena. Gari limeegeshwa mbele ya duka la Mangi, kontroli boksi inateremka Kitonga.

Ukarimu wake unajulikana Gerezani, Kariakoo, na Kirinyaga Road, Nairobi. Kwa jina lake watu wamenunua plagi, koili, sensa, hata kontroli boksi nzima, kisha wakagundua kwamba mgonjwa alikuwa kipande cha mpira. Fundi mvumilivu hufika huko kwa njia za bei rahisi: anaminya hosi moja moja kwa koleo na kusikiliza kama mlio unabadilika, au anaweka ncha ya mpira mrefu sikioni na kuitembeza ncha ya pili juu ya manifoldi hadi asikie mfyonzo.

Hata jiografia inafundisha. Geji ya vakyumu ikichomekwa kwenye injini nzima kule Mombasa husoma kama inchi 17 hadi 22 za zebaki. Kila futi 1,000 za kupanda hupunguza takriban inchi moja, hivyo injini ileile ikifika Nairobi, juu ya futi 5,000, inasoma inchi tano pungufu bila kuumwa chochote. Fundi wa pwani aliyehamia bara bila kulijua hilo anaweza kuizika injini hai.

Lakini pale kasoro hii inapostahili kufukiziwa udi ni kwenye habari ya maji. Katika Toyota nyingi za zamani, maji ya kupoza injini hupitishwa hadi kwenye valvu inayoruhusu hewa ya ziada wakati wa baridi. Maji yakipata moto, valvu inafunga. Sehemu hiyo iko juu. Maji yakipungua, hewa ndiyo inayokalia pale, valvu inaendelea kuamini kwamba ni alfajiri ya Njombe, na sailensa inapanda. Mshale wa joto kwenye dashibodi bado haujasema neno.

Mzee mmoja alifika gereji na Corolla ya namna hiyo, ameshauriwa kwingine anunue sensa. Fundi alichukua kipande cha waya, akaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye kiboksi cha kupimia, akafungua swichi bila kuwasha injini. Sensa ya joto la maji ikifa, taa ya injini humweka mbili, ikapumzika, ikamweka mbili tena. Hii ilimweka haraka haraka bila kupumzika: hakuna kosa lililoandikwa. Injini ilikuwa imelala hapo gereji usiku kucha, kwa hiyo fundi akafungua mfuniko wa rejeta bila woga, akatumbukiza kidole. Kikatoka kikavu.

"Sensa ina kosa gani, mzee wangu? Gari lina kiu."

"Mbona halichemki?"

"Lilikuwa linakwambia kabla ya kuchemka."

Lita moja na nusu iliingia. Injini ikawashwa, hewa ikatoka kwa mapovu, mshale wa mizunguko ukacheza mara mbili tatu kisha ukasimama karibu na 800. Chini ya dashibodi, hosi ya hita ilikuwa na ufa mwembamba, kapeti la upande wa abiria limelowa. Mzee alikuwa amewasingizia wajukuu na chupa zao za maji. Hosi ikabadilishwa.

Watoto waliokuja kucheza kwa mdundo wa gari wakaondoka. Mzee akawasha kiyoyozi, mshale ukalegea kidogo, ukarudi. Fundi aliyekwisha kuanza kunawa mikono akaacha bomba linatiririka, akageuza sikio.