Kilo Sabini na Mbili, Nani Anaanza?

Hadi naandika haya, nyonga yangu ya kushoto ina rangi ya bilinganya na ninakaa upande mmoja kama bajaji iliyopakia magunia. Sikuanguka bafuni. Nimeanguka ndani ya boti, Bagamoyo, Jumamosi alfajiri, boti ikiwa imeshatia nanga na watu wazima wasiopungua arobaini wamesimama majini hadi magotini wakisubiri samaki.

Mnada ulikuwa umeanza. Dalali ni kijana mrefu anayenadi kwa haraka, kama mtu anayedaiwa kodi. Mimi nina robo ya chombo kile. Robo tatu ni za shemeji. Nikaona vyema nishushe mwenyewe tenga la kwanza la vibua, ili watu wajue tajiri amefika kutoka Magole, Morogoro. Nikalinyanyua. Nikapiga hatua moja. Hatua ya pili sikuipiga, yenyewe ndiyo iliyonipiga.

Mguu wa kushoto ulianza safari ya Zanzibar, wa kulia ukaamua kubaki bara. Tenga likapaa. Nikashuka kwa mgongo kutoka katikati ya chombo kuelekea tezi, polepole, nikiwa na muda wa kutosha kuziona nyuso za watu mmoja mmoja, mpaka dumu la petroli likanipokea. Vibua wakaninyeshea. Juu yangu samaki, chini yangu kapeti la plastiki lenye maua ya waridi, nililolichagua mwenyewe, nikalilipia mwenyewe, nikalibandika mwenyewe.

Pwani nzima ikanyamaza. Kisha dalali, bila hata kubadili sauti, akaendelea na kazi iliyomleta:

"Haya huyu hapa, kilo sabini na mbili, katoka bara jana, bado anapumua! Nani anaanza?"

"Elfu mbili!" Mama mmoja mwenye beseni.

"Tatu," mwenzake akajibu, "ila mtoeni matumbo kwanza."

Dalali akauliza mara mbili kama kuna wa kuongeza. Hakuna aliyeongeza. Ndoo ya vibua iliyonitangulia ilikuwa imefika elfu thelathini.

Nimekuwa na siku nne za kulala kifudifudi nikiwaza namna jambo hili lilivyotendeka, kwa hiyo mnivumilie. Samaki amevaa ute mwili mzima. Ute huo humsaidia kupenya majini na kuwazuia wadudu wa maradhi wasimng'ang'anie ngozini. Akishavuliwa hana kazi nao tena, anaiachia sakafu. Sasa chukua kapeti la plastiki, lile linalong'aa, linalouzwa kwa mita pale Morogoro mjini. Limetengenezwa makusudi lisinyonye kitu: mtoto akimwaga uji, unapitisha kitambaa, mambo yamekwisha. Maana yake ni kwamba ute, damu na maji ya barafu vyote vinabaki juu, vimejitandaza wembamba kama karatasi, na unyayo wako haufiki kwenye kapeti kabisa. Unaelea. Madereva wa njia ya Dodoma wanalifahamu hili kuliko profesa yeyote. Tairi lenye kashata lina mifereji ya kukimbizia maji pembeni ili mpira uishike lami. Kashata ikiisha, tairi likawa kipara, manyunyu kidogo tu na gari linakwenda linakotaka lenyewe. Kapeti langu lilitoka kiwandani likiwa kipara, wakalipaka maua.

Na asili yake ingenishtua kama ningeijua mapema. Kapeti hili ni ndugu wa damu wa bomba la maji la plastiki. Malighafi ni ileile, PVC, na PVC ikiwa peke yake ni ngumu na inakatika kama ukuni. Mwaka 1926, katika mji wa Akron, Ohio, kule Marekani, mkemia Waldo Semon wa kampuni ya B.F. Goodrich alikuwa akitafuta kitu cha kugandishia mpira kwenye chuma. Akaipasha PVC moto ndani ya kimiminika chenye kustahimili joto kali, akapata kitu laini, kinachonepa, kisichopitisha maji. Alitafuta gundi akapata kapeti. Mimi nilinunua kapeti nikapata gundi: kopo zima la gundi ya viatu, na kidole gumba kikashinda kimeng'ang'aniana na cha shahada kuanzia adhuhuri hadi magharibi.

Kwa haki niseme kwamba shemeji alikosea kabla yangu. Yeye alitaka kapeti la manyoya. Alikuwa ameona boti moja ya kupeleka watalii, ndani imetandikwa kapeti la buluu, wageni wamevua viatu kama wako msikitini, na roho yake haikutulia tena. Hoja zake hazikuwa za kijinga: mvuvi anakesha, mbao zina baridi, na kapeti la manyoya halitelezi, maana maji yanazama kati ya nyuzi na unyayo unashika. Nyuzi zenyewe ni za plastiki, hazinywi maji. Lakini nafasi iliyo kati ya uzi na uzi inakunywa, na haitapiki. Lilidumu siku tisa. Siku ya tatu lilianza kunuka shombo, siku ya tano shombo likahamia kwenye nguo zetu, siku ya saba ndoana kumi na moja zilikuwa zimejikita humo na ya kumi na mbili ikajikita kwenye kisigino cha shemeji.

Hapo ndipo niliposema ile sentensi ninayoijutia: "Shem, sasa niachie mimi."

Wanaoshangaa kwa nini mtu wa Magole aliweke moyoni suala la kapeti kiasi hiki hawakuwepo Januari 2014. Mvua ilinyesha huko juu, milima ya Ukaguru. Maji ya udongo yakaingia Magole na Dumila, nyumba zikalala chini, barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma ikakatika. Kwangu yalifika usawa wa dirisha. Yalipoondoka yaliacha tope la rangi ya chai ya maziwa, na chini ya tope, katikati ya sebule, kapeti la manyoya ambalo mke wangu alizawadiwa kwenye kicheni pati yake. Tulilitoa watu wanne, na bado tulipumzika mara mbili kabla ya kufika mlangoni. Tukalianika juu ya ukuta uliobaki. Wiki tatu za jua la Magole, na kwa chini bado lilikuwa linachuruzika. Mwisho likaota uyoga. Mke wangu aliutazama ule uyoga muda mrefu, halafu akaingia ndani bila kusema neno.

Wakaja watu wenye daftari. Wakauliza kilichopotea, naye akataja: magunia ya mpunga, godoro, cherehani, kuku, kapeti. Kijana akaandika "zulia, 1". Akashukuru kwa ushirikiano. Hajarudi. Miaka iliyofuata wamekuja wengine na daftari jipya, wanatuambia tuhame bondeni, kana kwamba bonde tulilichagua dukani kama mtu anavyochagua rangi ya kapeti. Mpunga wetu unataka maji, na maji yako bondeni. Na mchele wake, wenye daftari wanaula. Mto umejaa mchanga, kina kimepungua, kwa hiyo mvua ya siku mbili inafanya kazi iliyokuwa inafanywa na ya wiki. Mwenye macho anaona. Hilo sijaona likiandikwa kwenye daftari lolote, labda kwa sababu halina safu yake.

Samahani. Tulikuwa kwenye boti.

Maji yetu, kumbe, hayaishii kwetu. Yanaingia mto Wami, na Wami unamwaga Bahari ya Hindi karibu na Saadani, kaskazini ya Bagamoyo. Inawezekana kabisa manyoya ya kapeti la mke wangu yalifika baharini miaka mingi kabla yangu, tena bure. Mimi na roli langu la plastiki tulipita Morogoro, Chalinze na Msata kwa nauli ya watu wawili, kwa sababu kondakta alisema chenye urefu wa mtu ni mtu.

Basi nimelala pale tezini, vibua kifuani, nikaanza kuhisi kitu kisicho cha kawaida. Kapeti lilikuwa linanibembeleza. Chombo kimetulia, bahari imetulia, lakini chini ya mgongo wangu kuna kitu kinakwenda na kurudi. Nahodha, mzee mwenye vidole vya miguu vilivyotanuka kama tangawizi, akaja akasimama juu yangu. Nikamwamkia, maana adabu ni adabu hata ukiwa mnadani.

"Shikamoo, Nahodha."

"Marahaba, tajiri mdogo." Akabonyeza kapeti kwa dole gumba la mguu. Likatikisika kama tumbo la mlevi. Akachutama, akachomoa kisu cha kuparia samaki, akakichomeka katikati ya ua moja la waridi. Maji yakaruka kutoka kwenye ua, meusi, yananuka petroli, yakanipiga shingoni.

"Umeziba ngama," akasema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama daktari anayesoma cheti. Na pale, nikiwa bado chini, nikapewa somo ambalo ningelipata kwa kuuliza tu kabla ya kufungua kopo la gundi. Mbao za kukanyagia ndani ya boti zimelazwa juu ya mataruma bila msumari, ili ziinuliwe wakati wowote. Chini yake, kati ya taruma na taruma, juu ya mkuku, ndiko ngama inakokusanyika: maji ya mawimbi, ya barafu, na yale yanayopenya kidogo kidogo kwenye maungio. Boti ya mbao lazima ipenyeze. Maungio yameshindiliwa pamba na kupakwa mafuta, kazi ya kalafati, na mbao zikilowa zinavimba na kubanana zenyewe. Ukiiacha juani majuma mengi zinasinyaa na kuachana. Kwa hiyo mvuvi anataka mbao zake zilowe, ila kwa maji ya bahari, kwa sababu chumvi inauzuia ukungu unaoozesha mti. Mvua ndiyo adui. Maji baridi yakituama ndani ya chombo, hasa chini ya kitu kisichoyaruhusu kukauka, mbao inakuwa laini kama muhogo wa kuchemsha. Manyoya ya shemeji yalikuwa yanayafuga hayo maji. Plastiki yangu iliyafunika yasionekane. Usiku ule walikuwa wamekesha wakijiuliza kwa nini chombo ni kizito nyuma, na hakuna aliyeweza kuinua ubao achungulie, achote na kufua.

"Basi Nahodha, tuweke nini?" nikauliza.

"Sifa."

Nikadhani ananikejeli, mtu aliyeuzwa elfu tatu naye aanze kusifiwa. Kumbe sifa ni mafuta ya papa. Wazee waliipaka mbao ndani na nje, na chini ya chombo wakapaka deheni, mafuta yaliyochanganywa na chokaa. Harufu yake ni ya kumfanya mtu aombe talaka, lakini mbao inaipenda. Juu ya mbao hawaweki kitu. Mbao mbichi ya msumeno, isiyopigwa randa, ina vinyweleo vinavyoushika unyayo, na ukimwagia ndoo mbili za maji ya bahari, ute umekwenda. Sakafu bora ya boti ilikuwemo ndani ya boti tangu siku ya kwanza, sisi wawili tukaingia gharama ya kuificha mara mbili.

Kapeti langu wamelibandua kwa visu na mafuta ya taa. Shemeji alisimamia kazi yote akiwa anachechemea na hakunitania hata mara moja, jambo ambalo lilinikera zaidi.

Dalali sasa ana namba yangu ya simu. Jana alinitumia ujumbe kuuliza kama bei imepanda.

Nimerudi nalo Magole, nauli ya mtu mmoja na nusu, maana lilikuwa limepungua. Tumelitandika uani tunaanikia mpunga. Chini linanata bado, juu ni safi, na kuku wanateleza kabla hawajafika kwenye punje. Kuna kipande cha mita mbili kimebaki kizima, maua manne, hakina tundu la kisu. Anayekitaka aje nyumbani na hela mkononi. Nitamuuliza kwanza kama ana boti.