Plagolojia ya Nyuma: Mhadhara wa Kwanza na wa Mwisho

Plagi za nyuma ni zile tatu zinazouelekea ukuta unaotenga injini na abiria, katika V6 iliyokaa kwa ubavu. Mfano mashuhuri ni Toyota Harrier ya kizazi cha kwanza, iliyotoka Japani mwaka 1997, ile yenye injini ya 1MZ-FE ya lita 3.0. Plagi tatu za mbele humkodolea fundi macho mara tu boneti inapofunguliwa, ndiyo maana plagolojia haijishughulishi nazo. Za nyuma zimefunikwa na manifoldi ya hewa, na juu yake zimetandazwa hozi na nyaya ambazo mhandisi alizipanga akiwa na hakika kwamba si yeye atakayezifungua.

Kuhusu plagi hizi, wanazuoni wamegawanyika. Madhehebu ya Nusu, yenye wafuasi wengi kuliko yote, hufundisha kwamba injini ya mitungi sita ina plagi tatu. Mteja hununua sita, tatu hufungwa mbele, na zilizosalia huingia katika hali ya kifalsafa ambayo kwa kawaida ni mfuko wa ovaroli. Mteja mjanja hudai aoneshwe sita kuukuu. Madhehebu haya yana kopo zima la plagi kuukuu kwa ajili ya wateja wajanja. Madhehebu ya Kupapasa hupitisha mkono nyuma ya manifoldi bila kuing'oa, na kusema kweli wako wanaofanikiwa kwa ekstensheni yenye jointi. Saidia fundi wengine wamepata kazi kwa wembamba wa viganja tu. Madhehebu sahihi, na usahihi wake unathibitishwa na mtaalamu huyu kuwa mfuasi wake, hung'oa manifoldi.

Injini sharti ipoe kwanza. Kichwa chake ni cha alumini, na plagi ikifunguliwa ingali ya moto huweza kutoka na meno ya tundu lake. Kila hozi hutiwa alama kabla ya kuchomolewa, kwani kumbukumbu ya fundi hudumu hadi chai ya saa nne. Manifoldi ikishatoka, njia za hewa zilizobaki wazi huzibwa kwa matambara safi: nati ikitumbukia humo, kazi ya plagi hugeuka kazi ya kufungua kichwa. Kisha mashimo ya plagi hupulizwa kwa kompresa, ili mchanga wa miaka usidondokee mtunguni. Shimo likikutwa na oili, sili zake kwenye kava la valvu zimechoka, na plagi mpya peke yake hazitaondoa misi.

Plagi hutolewa kwa soketi ya milimita 16 yenye mpira ndani, halafu husomwa. Kahawia hafifu ni afya. Masizi makavu ni petroli iliyozidi, weusi wenye utelezi ni oili inayopanda, na weupe wa kuungua ni joto kali. Msomaji hodari huguna kwa muda mrefu kabla ya kutamka lolote, maana mguno umo ndani ya bei.

Plagi mpya huwa na mwanya wa milimita 1.1. Ya iridiamu haigongwi wala haikwanguliwi kwa msasa, ncha yake ni nyembamba mno. Huanzwa kwa vidole, ekstensheni ikiwa haina mpini; ikikataa mapema, imeingia mshazari na irudishwe. Kukaza ni newtoni-mita 18, nguvu ndogo inayowadhalilisha wenye misuli. Plagi halisi ya aina hii huhimili takriban kilomita 100,000, muda ambao gari huwa limeshauzwa kwa mtu mwingine, na hapo ndipo Madhehebu ya Nusu hupata ujasiri wake wote.

Manifoldi hurudishwa kwa gasketi mpya na injini huwashwa. Mluzi ukisikika, hewa inapenya kando ya gasketi. Dawa yake ni kung'oa manifoldi upya, kazi ambayo kwa kanuni za plagolojia hulipiwa na mteja.